Wao wana "myself" moja, sisi tunazo tatu

Wiki hii tulipomaliza kurekodi kipindi tulibaki mezani tunabishana juu ya neno moja la Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi, nimepewa kazi ya kuliandikia. Neno lenyewe ni "myself", pamoja na ndugu zake saba: yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves na themselves.

Hoja yangu ni fupi. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo Kiswahili kilikuwa cha jikoni na cha simu za kwenda kwa bibi. Shuleni, wapo walimu walioona kwamba lugha ya nyumbani inatuchanganyia Kiingereza. Kwenye jambo hili ni kinyume kabisa. Mtu mwenye Kiswahili, hata kile cha kuungaunga, ana rula mfukoni ya kupimia "myself" ambayo jirani yake Mwingereza hana. Shida ni kwamba hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kuitumia.

Mimi kazi yangu ni kuandika na kurekebisha barua za kampuni inayopangisha nyumba hapa Birmingham. Wenzangu kazini ni watu wenye digrii zao, wazaliwa wa hapa, Kiingereza ndicho walichonyonya. Na kila siku, kila siku jamani, napitisha kalamu kwenye sentensi kama hizi: "Please contact myself." "My manager and myself will visit you." "I have sent the form to yourself." Ukiwauliza kwa nini wameandika hivyo, wanakwambia inasikika vizuri zaidi. Ukiwauliza kanuni ni ipi, wanakuna kichwa.

Sasa toa rula yako. Chukua sentensi ya kwanza uiseme kwa Kiswahili, kama unamwambia mtu wa kwenu. "Please contact myself." Utasema nini? Utasema "niandikie" au "nipigie". Umesikia hiyo "ni-"? Hiyo ni "me", basi. Hujasema "ujiandikie", maana hapo ungekuwa unamwambia mtu akae ajiandikie barua mwenyewe. Kwa hiyo sentensi sahihi ni "Please contact me". Ya pili: "Meneja wangu na mimi tutakuja." Mimi, ndiyo "I". "My manager and I will visit you." Ya tatu: "Nimekutumia fomu." Hiyo "-ku-" ni "you". Imekwisha. Hukuhitaji kitabu.

Kinachofanya rula hii ifanye kazi ni kwamba Kiingereza kimebebesha neno moja kazi tatu, na Kiswahili kimezigawa. Tuziangalie moja moja.

Kazi ya kwanza ni ya kioo. Tendo linatoka kwa mtu na kumrudia huyo huyo. "I cut myself": nimejikata. "She looked at herself": alijitazama. "Blame yourself": jilaumu. Sisi hapo tunachomeka "-ji-" ndani ya kitenzi, silabi moja tu, na haibadiliki: najilaumu, unajilaumu, tunajilaumu, wanajilaumu. Kama kwenye Kiswahili chako "-ji-" imekuja yenyewe, na maana ni ya kioo kweli, basi "myself" na ndugu zake wana haki ya kukaa pale.

Kazi ya pili ni ya kukazia. "I'll do it myself": nitafanya mwenyewe. "The Queen herself opened the hospital": Malkia mwenyewe ndiye aliyefungua. Hapa hakuna kioo. Tunasema tu kwamba ni huyo, si mwingine. Kiswahili kina neno lake, "-enyewe", na hilo linafuata ngeli: mimi mwenyewe, sisi wenyewe, gari lenyewe, kitabu chenyewe. Mara nyingine kazi mbili hizi zinakutana, kama mlango ukijifunga wenyewe kwa upepo. Kiswahili kimetaja zote mbili, "-ji-" na "wenyewe". Kiingereza kinasema "the door shut itself" na kuishia hapo.

Kazi ya tatu ni ya upweke. "I live by myself": naishi peke yangu. Hii lazima itembee na "by", na tofauti yake na ile ya pili si ndogo hata kidogo. Nitarudi kwake mbele, maana nyumbani kwetu ilikuwa jambo zito.

Basi hiyo ndiyo rula: "-ji-", "mwenyewe", "peke yangu". Kama Kiswahili chako kimeleta mojawapo, tumia "myself". Kama kimeleta "mimi" au "ni-" kavu, tumia "I" au "me".

Lakini rula ina sehemu zilizopinda, na nisipozitaja nitakuwa nimewadanganya. Kiswahili kina vitenzi ambavyo "-ji-" imeshagandia ndani na haina kioo tena. Kujifunza ni "to learn". Ukisema "I learned myself English", watakusikia umekosea. Ukisema "I taught myself English", umesema umejifunza bila mwalimu, na hilo ni dai jingine kabisa, usilitoe kwenye usaili kama ulikwenda darasani miaka mitatu. Kujiunga na chama ni "to join", bila "myself". Kujiuzulu ni "to resign". Kujitolea ni "to volunteer". Kujisikia vibaya ni "to feel bad", na tafadhali sana usiongeze "myself" katikati, maana "to feel oneself" kuna maana ambayo sitaieleza hapa. Wadogo zetu wanatusoma.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Waingereza wana "enjoy yourself" na "behave yourself". Mama yangu hajawahi kuniambia "jitende". Aliniambia "kaa na adabu", na kama tuko kwa watu aliniambia kwa macho tu.

Mfano mkubwa ni "help yourself". Mdogo wangu wa kiume, akiwa na miaka 12, alipewa kazi ya kukaribisha wageni Idi. Akaja anti mmoja wa Tanga, mtu mzima, mgeni wa heshima. Kijana akasogeza sinia la biriani, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili chake safi: "Anti, jisaidie tu." Kwa ambao hawajui, kujisaidia kwetu ni kwenda chooni. Anti akaweka kijiko chini, akamtazama, akauliza: "Hapa hapa, mwanangu?" Meza nzima ilikufa. Kijana alitaka kusema "karibu chakula", au "jipakulie". Alichukua kioo cha Kiingereza akakitundika kwenye ukuta wa Kiswahili, na kumbe pale palikuwa na picha nyingine.

Kuna jambo ambalo Kiswahili kinalifanya vizuri kuliko lugha nyingi, nalo ni kutenganisha kujipenda na kupendana. "-ji-" ni mtu na nafsi yake. "-ana" ni mtu na mwenzake. Kiingereza nacho kinatenganisha: "themselves" kwa ya kwanza, "each other" kwa ya pili. Mjomba wangu mmoja alisimama kwenye harusi Leicester, mbele ya wakwe wa Kiingereza, akasema kwa moyo wote: "They love themselves very much." Alikusudia wanapendana. Alichosema ni kwamba bwana harusi na bibi harusi kila mmoja anajipenda sana, na wale waliowajua vizuri walisema hata hivyo hakukosea. Nyinyi mliokulia Ubelgiji au Ufaransa, mkitokea familia za Kongo, mtegemeeni Kiswahili hapa kuliko Kifaransa. Kwa Kifaransa "ils s'aiment" inaweza kuwa yote mawili. Kiswahili hakikuachi njia panda.

Upande mwingine, kuna mahali Kiingereza kinadai kitu ambacho sisi hatuna. "Himself" na "herself" zinataka ujue ni mwanamume au mwanamke, na sisi "amejikata" inatosha kwa wote. Mama alipompigia daktari simu siku mdogo wangu alipojikata na kisu cha maembe, alisema "she cut himself", na yule wa mapokezi akatumia muda mrefu kuuliza mgonjwa ni wa kike au wa kiume. Mama akaniambia baadaye: "Mimi namwambia damu, yeye ananiuliza jinsia." Wenye wazazi kama wangu, mkisikia "she" na "himself" zinachanganyika, msicheke. Hiyo si akili kuchoka. Ni mtu anayetoka kwenye lugha ambayo haijawahi kumlazimisha aseme hilo.

Na wala Kiingereza chenyewe hakikuzaliwa kimepangika. Katika Kiingereza cha kale sana, neno "self" lilikuwa la kukazia tu, kama "mwenyewe" wetu. Kazi ya kioo ilifanywa na viwakilishi vya kawaida. Mtu angeweza kusema kama vile "alimkata" akimaanisha "alijikata". Polepole "self" ikachukua na kazi hiyo, ndiyo maana leo neno moja limelemewa. Na lilivyoungwa ni kienyeji tu: "myself" imechukua "my", lakini "himself" imechukua "him". Ndiyo maana watoto wanasema "hisself" na "theirselves", na baadhi ya lahaja za hapa hapa Uingereza zinasema hivyo mpaka leo. Wanatafuta mpangilio ambao lugha sanifu haina. Kwa hiyo mtu akikucheka kwa neno hili, jua kwamba hata wenyewe walilishona kwa vitambaa viwili tofauti.

Zawadi moja nimeiona humo. "You" ya Kiingereza haisemi ni wewe au nyinyi. Lakini ikifika kwenye kioo inalazimika kusema: "yourself" ni wewe, "yourselves" ni nyinyi. Ni kama karibu na karibuni. Ukiwaandikia watu watatu "please introduce yourself", umemwita mmoja na kuwaacha wawili mlangoni.

Sasa turudi kwa wenzangu wa kazini na "yourself" zao. Zamani nilikuwa nakata tu kwa kalamu nyekundu. Siku hizi nakata bado, lakini nadhani nawaelewa. Kiingereza kiliwahi kuwa na "thou" kwa mtu wa karibu na "you" kwa wa kuheshimiwa. "Thou" ikafa, ikabaki "you" kwa kila mtu, mtoto na jaji sawa. Mhudumu wa simu anayetaka kukuonyesha adabu hana cha kushika. Hana shikamoo, hana "mzee wangu", hana "mama" wala "bibi". Basi anarefusha neno: "And how is yourself today, madam?" Ni heshima inatafuta nguo ya kuvaa. Wengine wanakimbilia "myself" kwa woga, maana utotoni walikaripiwa kwa kusema "me and Sarah", sasa hawana uhakika wa "I" wala "me", wanajificha kwenye neno refu.

Na kuna jirani yetu Mwairishi, bibi mmoja mzee, akija kumwuliza baba alikuwa anasimama mlangoni na kusema: "Is himself in?" Waairishi wengi husema hivyo, wakimaanisha mkuu wa nyumba. Mama alimwelewa siku ya kwanza, bila kutafsiriwa. Kwao Tanga mtu akifika barazani anasema: "Hodi! Wenyewe wapo?" Mwenyewe ndiye mwenye nyumba. Mwenyewe ndiye mwenye jambo.

Hapo ndipo nataka mtulie kidogo.

Baba alipata kiharusi mwaka 2019, akiwa na miaka 59. Alikuwa dereva wa basi. Mkono wa kulia ulidhoofika, mguu ukamrudia nusu. Baada ya miezi ikaja fomu ya kuomba msaada, zile fomu ndefu zinazouliza unapika vipi, unaoga vipi, unavaa vipi, nani anakusaidia. Mimi ndiye mwandishi wa barua nyumbani, kwa hiyo nilikaa naye sebuleni, nasoma swali kwa Kiswahili, anajibu, naandika kwa Kiingereza.

Tukafika kwenye kuvaa. Baba akasema: "Andika navaa mwenyewe."

Kalamu yangu ilisimama juu ya karatasi. Ukitafsiri neno kwa neno unapata "I dress myself". Sentensi sahihi, haina kosa la sarufi hata moja. Na kwa anayeisoma ofisini ina maana moja: huyu hahitaji mtu.

Nikamwuliza: "Baba, unavaa mwenyewe, au unavaa peke yako?"

Akaniona kama namchezea. "Navaa mwenyewe. Mama'ko ananishikia mkono wa shati tu. Na vifungo. Na soksi."

Kutoka jikoni mama akasema: "Na dakika arobaini, uandike na hizo."

Baba hakuwa anasema uongo. Kwa Kiswahili alichosema ni kweli tupu. Yeye ndiye anayechagua shati, yeye ndiye anayeanza na mkono upi, yeye ndiye anayesema bado na yeye ndiye anayesema tayari. Mama anashika. Mwenyewe wa jambo lile ni yeye, kama mwenye nyumba ni mwenyewe hata mgeni akimsaidia kuhamisha kabati. Lakini "myself" ya Kiingereza, kwenye karatasi ile, ingebeba kazi mbili kwa mpigo, na ile isiyo ya kweli ndiyo ingesomwa.

Nikaandika alichoniambia, kwa urefu: anahitaji msaada wa mikono ya shati, wa vifungo na wa soksi, kila siku, na inachukua dakika arobaini. Halafu nikamsomea kwa Kiswahili. Alinyamaza. Akauliza: "Kwa hiyo nimewaambia siwezi?"

Lazima mjue baba ametoka wapi. Alianza darasa la kwanza Tanga mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, wakati neno kubwa kuliko yote nchini lilikuwa kujitegemea. Nyerere alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka ule ule wa 1967, na shule zililima mashamba yao. Baba alishika jembe la shule kabla hajajua kuandika vizuri. Alikuja nchi hii na neno hilo. Hakuwahi kuomba chochote. Na sasa binti yake mwenyewe anaandika orodha ya asichoweza.

Nilimjibu: "Nimewaambia unavaa mwenyewe, na mama anakusaidia. Yote mawili."

Akafikiri. "Hiyo ni kweli," akasema. "Soma inayofuata."

Nimelifikiria sana neno lile tangu siku hiyo. Kutegemea ni kuegemea, kuweka uzito wako juu ya kitu. Kujitegemea ni kuweka uzito wako juu yako mwenyewe. Lakini ile "-ji-" yetu, kama nilivyosema, haibadiliki. Najitegemea, tunajitegemea, silabi ni ile ile kwa mmoja na kwa wengi. Na Azimio halikumwambia mtu mmoja ajikokote peke yake. Liliongelea taifa zima kujitegemea kwa pamoja. Kiingereza kinakulazimisha uchague, ni "myself" au "ourselves". Nikiwatazama wazazi wangu asubuhi, yeye ameinua mkono, mama ameshika shati, wanabishana juu ya redio, najua jibu sahihi kwa sarufi ya Kiingereza ni lipi. Ni la wingi.

Kwa hiyo mkiwa kazini, pimeni kwa rula niliyowapa, na barua zenu zitakuwa safi kuliko za mabosi wenu. Lakini mkiwa mnawajazia wazazi fomu, mkiwa mnawatafsiria kwa daktari au kwa wakili, msiridhike na sentensi isiyo na kosa. Mzazi akisema "mwenyewe", mwulizeni kwa upole: mwenyewe, au peke yako? Mwulizeni kwa Kiswahili. Kisha subirini jibu lote, mpaka lifike kwenye soksi.